Kisa cha bwawa la mafunjo: miezi miwili tunabadilisha chambo na shida ilikuwa kwa ndoano

Ni wapi na ni kina nani

Hiki ni kisa cha kweli, ila nimeficha jina la bwawa na majina ya watu, na vitu vidogo vidogo nimevigeuza ili mtu asianze kuuliza ni kwa nani. Tuseme tu ni bwawa la zamani la kunyunyizia shamba huko nyanda za juu Kenya, ekari nne hivi, ukingo wa udongo upande mmoja na mafunjo upande wa pili, kina cha mita tano pale karibu na ukuta. Ndani kuna tilapia wadogo, kamba wekundu wa maji baridi (crayfish) kibao, na kapu. Kapu samaki, si kapu la sokoni.

Kapu si wa kwetu, ila ashazoea. Naivasha aliingia ziwani miaka ya mwanzo ya 2000, inasemekana mafuriko yaliwatoa kwenye mabwawa ya kufugia huko juu mto Malewa, na kufikia 2010 yeye ndiye alikuwa karibu mzigo wote wa wavuvi pale. Wale kamba wekundu nao, asili yao Marekani, waliletwa Naivasha 1970 na wakasambaa. Nawataja kwa sababu watarudi kwa hii hadithi, na hawarudi kwa wema.

Tulikuwa watatu. Mwalimu, amestaafu, ana subira ya kukaa siku nzima bila kusema neno. Fundi, wa magari, hana subira hata ya chai ipoe. Na mimi. Kuna pia soja wa shamba, ambaye mwanzoni nilidhani hahusiki.

Mwenye bwawa alikuwa na sharti moja: samaki wa kilo tano kwenda juu anarudishwa, ndio mbegu yake. Wadogo chukua. Na alituapia kuna kapu wa kilo kumi na zaidi mle ndani, aliwaona wakati maji yalishuka.

Tulivyoanza

Tulianza vile kila mtu huanza, ugali mgumu. Unafinyanga donge ukubwa wa limau, unafunika ndoano yote isionekane hata kidogo (tulijivunia sana hapo), unarusha katikati ya bwawa mbali uwezavyo alafu unakaa. Uzi unatikisika tik, tik, tik, unavuta, hakuna kitu. Unatoa, ugali umeisha. Unarusha tena.

Jumamosi sita tulifanya hivyo. Tulipata tilapia wa kukaanga na kapu wachache, mkubwa kabisa hakufika kilo mbili na nusu.

Sasa hapo ndipo tulipotea kabisa, kwa sababu wote watatu tuliamua tatizo ni ladha. Fundi akaleta vanila. Jumamosi iliyofuata iliki, alafu omena wa kusaga, alafu damu ya kuku, kuna siku alikuja na soda ya stroberi akakandia unga nayo, mikono ikawa nyekundu na nyuki wakatufukuza. Mimi nilijaribu viazi vitamu na mkate. Kila mmoja alikuwa na siri yake ameificha kwa mkebe na kila mmoja alikuwa anashindwa kivyake. Nikiangalia nyuma naona hatukuwa tunajaribu kitu, tulikuwa tunabahatisha tu kwa bidii, manake kila wiki tulibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na hatukuandika chochote.

Asubuhi Mwalimu alilala chini

Jumamosi moja baada ya hayo yote Mwalimu alifika mapema kutuliko. Tulimkuta amelala kifudifudi juu ya ukingo, miwani ya jua usoni, tukadhani amepatwa na jambo. Akatuonyesha kwa mkono tunyamaze.

Pale chini yake maji yalikuwa kama nusu mita, safi, na kapu wawili wa wastani walikuwa wanazunguka. Alikuwa amemwaga kiganja cha mahindi ya kuchemsha, na punje moja ameichoma kwa ndoano ndogo, uzi ameushika kwa vidole. Tukaona kwa macho yetu: kapu anatoa mdomo kama bomba, anafyonza punje, anatema maji na tope, punje inabaki ndani. Punje ya pili, ya tatu. Akafika kwa ile yenye ndoano, akafyonza, ikaingia yote, nikaona imeingia, na kabla sijavuta pumzi akaitema. Uzi haukutikisika. Mwalimu hakuhisi kitu kwa vidole. Akarudi akaifyonza tena na kuitema tena, alafu akaiacha kabisa, akawa anaizunguka kama mtu anaruka dimbwi.

Kwa hiyo ile tik tik yote ya wiki zote hizo haikuwa kapu. Ilikuwa tilapia na wale kamba wanamega ugali. Kapu wenyewe walikuja, wakaonja, wakatema, wakaondoka, na sisi juu tunapiga stori.

Ukijua mdomo wake inaeleweka. Kapu hana meno mdomoni, meno yako kooni, huko ndiko anasaga konokono na punje. Mdomo ni wa kufyonza na kuchuja: anavuta tope na chakula pamoja, anapanga ndani, kisichofaa kinatoka. Kazi yake ya kila siku ni kutema. Ndoano iliyofunikwa na ugali ni nzito kuliko punje zingine na ncha yake imezibwa na donge, haiwezi kumchoma hata akitaka. Tulikuwa tumeificha vizuri mpaka tukaificha isifanye kazi.

Tulibadilisha nini na kwa nini

Unywele. Hii si akili yetu. Waingereza wawili, Lenny Middleton na Kevin Maddocks, ndio walioitoa karibu 1980, na ule wa kwanza ulikuwa unywele wa mtu kweli, ndio jina likabaki. Wazo ni kwamba chambo hakikai kwa ndoano, kinaning'inia pembeni kwa uzi mfupi mwembamba na ndoano inabaki uchi. Samaki anafyonza chambo na ndoano inafuata. Akitema, chambo kinatangulia, ndoano inageuka njiani na ncha inashika mdomo wa chini.

Kufunga ni hivi. Kitanzi kidogo mwisho wa uzi, hapo punje zitakaa. Mwisho huo unapita kwenye jicho la ndoano ukitokea upande wa mgongo, unauacha ulale kando ya shina mpaka kitanzi kining'inie chini ya mpindo. Sasa ule upande mrefu unauzungusha kubana shina na unywele pamoja, mara saba au nane ukishuka, alafu ncha yake unairudisha kwenye jicho, tena kutokea mgongoni. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza, uzi mkavu ukikazwa unaungua. Kati ya mpindo na punje acha nafasi ya milimita tano hivi, si zaidi ya sentimita moja. Sisi mara ya kwanza tuliacha sentimita tatu, tukapata samaki amenaswa kwa shavu nje. Mpangilio wa kutoboa punje: sindano ya kufuma, na kipande cha kijiti cha meno kama kizuizi kwenye kitanzi. Ndoano namba 6, ndogo kuliko tulizokuwa nazo, na kabla ya kurusha unaikwaruza taratibu juu ya ukucha, ikiteleza inolewe au itupwe.

Chubwi zito, yaani kile kipande cha risasi kinachozamisha uzi. Hapa tulibishana. Mimi na Mwalimu tulizoea chubwi dogo, "asihisi uzito." Fundi akasema tunataka ahisi, na alikuwa sahihi, japo ilinichukua wiki nzima kukubali. Ukiwa na gramu themanini hivi na uzi wa ndoano mfupi wa sentimita kumi na tano hadi ishirini, kapu akiinua kichwa ndoano inamgusa, anashtuka anakimbia, na ule uzito ndio unaizamisha ndoano. Huhitaji kushtua rodi, yaani kuivuta ghafla, anajinasa mwenyewe. Fundi aliyatengeneza kwa risasi za kusawazishia magurudumu, aliyeyusha nje kwenye upepo manake ule moshi ni sumu, na hiyo sufuria haijarudi jikoni. Alilifunga chubwi moja kwa moja kwenye uzi mkuu, fundo la kukaza. Kumbuka hilo fundo.

Mahindi, basi. Tuliacha manukato yote. Mahindi makavu yanalowekwa siku moja, yanachemshwa nusu saa na zaidi mpaka mengine yanapasuka, alafu yanaachwa kwa maji yake siku mbili tatu yachachuke kidogo. Usirushe punje kavu au mbichi nusu, zitafura tumboni mwa samaki. Soja tulimlipa amwage kilo mbili kila jioni, Jumanne hadi Ijumaa, sehemu ile ile. (Baadaye alikiri kuku wake walipata ushuru.)

Mahali. Tuliacha kurusha katikati. Mwalimu alikuwa ameona mapovu madogo na maji yanachafuka karibu na mafunjo asubuhi na jioni, hapo ndipo wanachimba. Tukaweka chambo mita tatu kutoka ukingo wa mafunjo.

Matokeo

Jumamosi ya kwanza ya unywele, saa moja asubuhi, rili ya Mwalimu ikaanza kulia yenyewe. Hakuna tik tik, ni kelele moja ndefu. Kilo nne na nusu. Kabla ya saa nne tulikuwa na wengine wawili, mmoja alikaribia kilo nane, tulikuwa hatujui tumshike vipi. Tulimlaza juu ya godoro kuukuu lililofunikwa gunia lililoloweshwa, tukamtoa ndoano, tukamshikilia ndani ya maji mpaka akaondoka mwenyewe. Fundi alikuwa anatetemeka.

Wiki iliyofuata hakuna kitu. Sifuri. Tulipotoa mtego, unywele ulikuwa mtupu, kamba wekundu walishachambua punje zote ndani ya dakika ishirini na sisi tukakaa saa nzima tunavua kwa ndoano tupu. Hii ndiyo shida ya unywele kwetu ambayo wale wa Ulaya hawakuambii sana, chambo kiko nje kiko wazi.

Hapo ndipo tukatengeneza vidonge. Mayai manne unayapiga, unaongeza unga wa mahindi, poladi ya ng'ombe (pumba za ngano) na omena aliyesagwa laini, jumla kama gramu mia nne, mpaka liwe donge lisiloshika mkono. Viringa vya milimita kumi na nane hivi, vitupe kwa maji yanayochemka dakika mbili, vianike kivulini siku mbili tatu mpaka viwe vigumu kama gololi. Yai linapoiva ndilo linashika kila kitu. Kamba wanakikwangua tu, kinakaa masaa. Kumwagia tuliendelea na mahindi, kwa unywele kidonge. Samaki wakarudi, si wengi kila wiki, ila wakubwa.

Yule mkubwa

Ilikuwa Jumamosi ya tano ya mtego mpya, saa kumi na dakika arobaini jioni. Rodi ilikuwa yangu.

Alichukua kimya, uzi ukainuka tu na rodi ikaanza kuteleza kwenye kishikio. Nilipoishika nilijua si saizi ya wale wengine, hakukimbia haraka, alitembea, kama unavuta gari lililowekwa gia. Nilikuwa nimekaza breki ya rili kwa sababu ya mafunjo, nikiogopa akiingia. Fundi ananipigia kelele legeza, mimi nakaza. Aliingia mafunjoni vile vile. Nikahisi uzi unakwaruza shina moja moja, trr, trr, alafu ukawa mwepesi.

Uzi wangu ulikuwa wa milimita 0.30. Ulikatika juu ya chubwi.

Tulikaa. Hakuna aliyesema kitu. Mwalimu akafungua chupa ya chai.

Jumanne asubuhi soja akanipigia simu. Alikuwa ameona mafunjo yanatikisika na hakuna upepo, akaingia mpaka kiunoni, akamkuta kapu amezungukwa na uzi, chubwi la Fundi limekwama katikati ya mashina mawili, ndoano bado iko mdomoni. Siku tatu amefungwa pale. Alikuwa hai ila hana nguvu, ubavu mmoja umechubuka hadi nyama. Soja hakuona sababu ya kumrudisha samaki wa aina hiyo, na sikuwa na mdomo wa kumlaumu. Alimbeba kwa kapu, ndio, kapu ndani ya kapu, akampima kwa mizani ya posho mill: kilo kumi na tatu na kidogo. Samaki mkubwa kabisa wa kisa hiki alivuliwa na mtu asiye na rodi.

Mwenye bwawa alitufungia mwezi mmoja na nusu.

Kilichofanya kazi, na nina uhakika kiasi gani

Unywele, hapo sina shaka, kwa sababu ndiyo kitu pekee tulichokipima. Kabla ya kufungiwa, Jumamosi mbili Mwalimu aliweka rodi mbili hatua chache kati yake, chubwi sawa, mahindi yale yale, moja punje kwa unywele na nyingine punje kwa ndoano, na kila saa anazibadilisha upande. Unywele ulitoa samaki saba. Ndoano ilitoa mmoja, tena alikuwa tilapia. Ni siku mbili tu, najua, lakini ukijumlisha na tulichokiona kwa macho kule ukingoni inanitosha.

Chubwi zito nalo naliamini, kwa sababu samaki karibu wote walinaswa mdomo wa chini katikati na hakuna mtu aliyeshtua rodi.

Kumwagia mahindi wiki nzima, sijui. Ningependa kusema ndiyo, ila mvua ilianza wiki ile ile, maji yakapanda na kuingia kwenye nyasi, na kapu hupenda sana maji mapya ya pembeni. Inawezekana wangekuja tu. Fundi anaapa ni mahindi yake. Mwalimu anasema ni mvua. Hatujawahi kujaribu Jumamosi bila kumwaga, na kusema kweli hakuna aliye tayari kupoteza Jumamosi.

Ladha? Vidonge vyenye omena na vile ambavyo Fundi alisahau omena vilivua sawa, kwa kadiri nilivyoona. Faida ya kidonge kwetu ilikuwa ugumu, kamba wasikimalize. Miezi miwili ya vanila na iliki ilikuwa jibu la swali ambalo samaki hakuuliza.

Kilichofeli

Kosa kubwa lilikuwa lile fundo la chubwi. Uzi kukatika hutokea, ni mchezo. Lakini uzi ukikatika na chubwi limefungwa kwa kukaza, samaki anabaki anaburuta gramu themanini kila aendako, na kwenye mafunjo hiyo ni kamba ya mbuzi. Tuliuchukua mtego wa watu nusu, ile nusu inayovua, tukaiacha nusu inayomwachilia samaki. Ni aibu kwa sababu si ngumu hata kidogo.

Njia mbili tulizijadili. Ya kwanza ni chubwi linaloteleza, uzi mkuu unapita ndani yake na ushanga unazuia fundo, uzi ukikatika linachomoka nyuma. Lakini tulitaka pia kuweka mbele kipande cha uzi mnene wa 0.50 kwa ajili ya mashina ya mafunjo, na fundo la kuunganisha nyuzi mbili linaweza kukwama kwenye tundu la chubwi, unarudi pale pale. Kwa hiyo tulichagua ya pili: chubwi linaning'inia kwa uzi dhaifu unaokatika kwa uzito wa kilo mbili tatu. Likikwama, uzi dhaifu unakatika kwanza, unapoteza chubwi, samaki unabaki naye. Utapoteza machubwi. Sawa, Fundi ana magurudumu.

Kosa la pili ni mahali na uzi kwa pamoja. Mita tatu kutoka mafunjo ni mahali pazuri pa kupata samaki na pabaya pa kupigana naye kwa uzi wa 0.30. Tulijua wako wakubwa, tuliambiwa, na uzi tuliuchagua kwa samaki wa kilo nne. Sasa tunatumia 0.40 na chambo kiko mita nane nje, samaki wamepungua kidogo na sijali.

Breki bado tunabishana. Fundi anasema ningelegeza angekimbilia wazi. Mimi nasema alikuwa ameshaelekea mafunjo kabla sijagusa rodi, na rodi ilikuwa imeachwa peke yake huku nikichemsha maji hatua kumi kutoka pale. Hizo hatua kumi ndizo naziona zilikuwa kosa langu, kuliko breki. Mtego unaojinasa unakudanganya uende kutembea.

Na jambo dogo: miiba ya ndoano sasa tunaibana kwa koleo. Samaki akikatika na ndoano, ana nafasi ya kuitoa mwenyewe.

Sharti jipya

Tulipofunguliwa tena mwenye bwawa alikuwa na masharti mengine. Hakuna kurusha kabla mtego haujakaguliwa, na mkaguzi ni soja. Anakuja na gumboots zake, anashika chubwi kwa mkono mmoja, wewe unavuta uzi. Lisipoachia, unafunga upya mbele yake. Juzi alimkatalia Fundi mara mbili. Fundi akauliza yeye soja amejifunza wapi mambo ya kapu, soja akatoa mfukoni lile chubwi la kwanza, lenye kipande cha uzi wangu bado kimefungwa, akamwonyesha bila kusema kitu.